Mzizi Niliouchimba Kwenye Udongo wa Kijani

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, na mpaka leo harufu ya udongo wake bado iko puani mwangu. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya kilima, nachimba mzizi kwa panga fupi, tope limenifika viwikoni. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa na diploma, nilikuwa na koti jeupe lililoning'inia msumarini kule maabara, na nilijua kila kitu. Ungenikuta saa ile ukaniambia kwamba nakosea, ningekucheka.

Nakuandikia haya wewe uliyeanza mwaka huu kazi ya kupima miti ya dawa. Nimesikia umeambiwa kwamba Mama Angèle aliifanya kazi hii miaka thelathini bila doa. Waliokuambia ni watu wazuri na wananipenda, lakini hawakuwapo. Mimi nilikuwapo. Tulia basi, weka simu hiyo chini, nikueleze jambo ambalo hata wanangu wa kuzaa nimewaeleza mara moja tu.

Wakati ule maabara yetu hapa Lubumbashi ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha mawili yasiyofungika vizuri. Tulikuwa tukiwazungukia waganga, tukiwauliza wanatibu malaria kwa mti gani. Tulileta mti huo, tukauchemsha kwa maji kama wao wanavyouchemsha, kisha tukaangalia kama maji yake yanaua vijidudu vya malaria ndani ya kioo. Damu yenye vijidudu tuliletewa kutoka hospitali. Tuliigawa kwenye visahani, tukatia dawa, tukaviweka visahani ndani ya mtungi mkubwa wa kioo pamoja na mshumaa unaowaka, tukafunika. Mshumaa ulikula hewa mpaka ukazimika wenyewe, na hewa iliyobaki ndiyo iliyovifaa vijidudu. Mtungi uliingia kwenye sanduku la joto, tuliloliita etuve, na sisi tukaanza kumwomba Mungu umeme usikatike. Cheka tu, najua unacheka. Lakini mshumaa ule ulifanya kazi yake bila kumdanganya mtu, na mimi siwezi kujisemea hivyo.

Mkuu wetu alikuwa profesa mmoja mwenye sauti ya chini, mtu wa kaskazini, tukimwita Prof tu. Malaria ilikuwa imemchukua mdogo wake wangali watoto, na nadhani hilo ndilo lililompa matumaini mengi na subira kidogo. Alikuwa mtu wa haki. Nakuomba ulikumbuke hilo tutakapofika mbele.

Kati ya waganga wote tuliowatembelea, aliyeniingia moyoni ni Nkambo Mwape. Nkambo kwetu ni bibi, na kijiji kizima kilimwita hivyo, hata wazee wenzake. Aliishi kando ya njia ya kwenda Kinsevere. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtu wa misa kila Jumapili, rozari shingoni na panga dogo kiunoni, na hakuona ugomvi wowote kati ya vitu hivyo viwili. Mimi niliuona. Nilikulia mjini, katika familia ya Wakasai, baba yangu karani wa reli aliyetufundisha kwamba mambo ya mizizi na majani ni ya watu wasiosoma. Nilikwenda kwa waganga kuchukua miti yao. Maneno yao niliyaacha palepale nilipoyasikia.

Siku ya kwanza Nkambo alitupeleka mwenyewe, mimi na dereva. Tulitembea mwendo wa saa tatu hivi mpaka kwenye msitu ulio kando ya kijito. Lakini hata kabla hatujatembea nusu saa tulipita chini ya kilima kimoja kitupu, kisicho na miti juu yake, kimejaa maua madogo ya zambarau. Unayajua maua hayo, kila mtoto wa Katanga ameyaona. Na pale chini ya kilima ulisimama mti uleule tuliokuwa tunautafuta, na si mmoja, bali mingi.

"Nkambo, si ni huu hapa?" nikauliza.

Hakusimama hata kidogo. "Fasi kwenye iko hii maua, hatuchimbake."

"Juu ya nini?"

"Tangu mama yangu, hatuchimbake."

Mahali penye maua yale hawachimbi, basi; akaendelea na mwendo wake. Mimi nikapita huku nikiguna moyoni. Niliona ni mambo yaleyale ya mizimu, na miguu yangu ya mjini ilikuwa imeanza kunilalamikia.

Kule kwenye kijito alichimba upande wa jua linakotoka na upande wa linakozama, akaiacha mizizi mingine yote, kisha akaifukia kwa mikono yake. Lakini kabla ya kukata alifanya jambo lingine. Alikuwa na desturi ya kuuambia mti jina la mgonjwa atakayekunywa dawa. Siku ile hakukuwa na mgonjwa, akanigeukia aniulize amtaje nani.

"Niambie muti asema ni ya nani?"

"Ni ya laboratoire, Nkambo," nikajibu, na nikacheka. Sikukificha kicheko. Nilimtazama hata dereva ili tucheke pamoja, na nashukuru kwamba yeye hakucheka.

Nkambo akainama tena, akauambia mti, "Ni ya Angèle."

Jina la mti huo sitaliandika hapa. Najua unalitaka, mimi pia ningelitaka. Utaelewa mwishoni kwa nini nalishika.

Mzizi ule wa kwanza haukutufikisha mbali. Tulianza kupima, umeme ukakatika siku mbili mfululizo, damu ikaharibika ndani ya visahani, na unga uliobaki haukutosha kuanza upya. Prof akaniambia nirudi kulekule. Gari lingenishusha kijijini asubuhi na kunichukua alasiri. Nilipofika nikaambiwa Nkambo amekwenda Sakania kwenye kilio cha ndugu yake. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Nilisimama chini ya paa la jirani yake, nikatazama upande wa msitu wa mbali, nikayatazama mawingu, kisha nikakitazama kile kilima kilicho karibu.

Ndiyo hiyo asubuhi niliyoanza nayo, mwanangu. Nilichimba chini ya maua ya zambarau. Udongo ulikuwa na rangi ya kijani mahali mahali, ile rangi ya shaba tunayoijua wote. Nililiona hilo kwa macho yangu mawili, na halikuniambia kitu, kwa sababu kichwani nilikuwa nimeshaamua kwamba mti ni mti. Nilichimba pande zote, nikakata nilivyotaka, sikufukia, sikuuambia mti jina la mtu.

Kisha nikafanya lililo baya zaidi. Tulikuwa na karatasi ndogo ya kufunga kwenye kila mfuko, tuliyoiita etiketi, ya kuandikwa jina la mti, sehemu yake, siku, na mahali ulipochimbwa. Prof alikuwa ameniambia nirudi kulekule. Kwa hiyo, nikiwa nimekaa garini na tope bado viwikoni, niliandika kwa penseli: "Msituni, kando ya kijito." Nilijiambia ni maneno tu.

Tulipoupima mzizi ule, mwanangu, nilidhani nimekufa nikaamkia mbinguni. Kisahani baada ya kisahani, vijidudu vyote vimekufa. Niliita kwa sauti. Prof alikuja mbio akiwa na kalamu mdomoni, akaketi kwenye kiti changu, akayasoma mahesabu yangu mstari kwa mstari, kisha akavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu sana. Alikuwa analia na hakutaka nione.

Kitu kimoja nilikuwa nimekiona kwenye darubini, nikakiacha. Chembe nyekundu za damu nazo zilikuwa zimepasuka. Si zote, lakini nyingi. Kila aliyefundishwa kazi hii anajua maana yake: dawa inayomuua kijidudu pamoja na damu yenyewe si dawa. Nikajiambia labda rangi ya kupaka damu imezeeka. Daftarini sikuandika lolote. Kwa hiyo ukihesabu vizuri, nilidanganya mara mbili, mara moja kwa kuandika na mara moja kwa kutoandika.

Prof hakuweza kukaa na furaha yake. Alimpelekea mkuu wa kijiji habari kwamba mti wa Nkambo Mwape una nguvu kubwa, na akaomba mizizi mingine. Nkambo alikuwa amesharudi. Akaenda mwenyewe mpaka kwenye kijito, akachimba kwa namna yake, akatuletea. Tukapima. Vijidudu vichache vikafa, vingine vikaendelea na maisha yao. Tukapima tena, ikawa vilevile.

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nilikuwa nimesimama karibu na Prof kiasi cha kuusikia mkoromo wa kifua chake. Alitazama mfuko wa kwanza, akatazama mfuko wa pili. Etiketi zote mbili zilisema msituni, kando ya kijito.

"Angèle, ule maman anatuficha," akasema. "Aliona muti iko na nguvu, sasa anatupatia ingine. C'est clair, iko wazi."

Mimi nikasema, "Pengine, Prof."

Neno hilo "pengine" nimelibeba miaka yote hii. Prof alimwambia mkuu wa kijiji kwamba bibi yule si mkweli, anaficha mti wa kuokoa watoto. Alisema kwa uchungu, na kwa alivyojua alikuwa anasema haki. Wiki tatu zikapita. Kila asubuhi niliingia maabara nikiwa na nia ya kusema, na kila asubuhi ilikuwa vigumu kuliko jana yake, kwa sababu sasa ningetakiwa kueleza pia kwa nini sikusema jana. Nilianza kukonda. Mama yangu akadhani nina mchumba anayenitesa.

Halafu Nkambo Mwape akaja mjini.

Alikuja peke yake, amevaa viatu vyake vya misa na kitenge kilichopigwa pasi, akasimama mlangoni mwa maabara mpaka akakaribishwa. Prof alimpa kiti kwa adabu yenye baridi. Nkambo hakulalamika, hakujitetea. Aliomba jambo moja tu.

"Prof, nataka kuona ile muti yangu yenye ilikuwa na nguvu."

Prof akanipa ishara. Nikauleta mfuko wa pili kwanza, nikijua kabisa kwamba siyo ulioombwa. Akaunusa, akaniangalia. "Hii ni yenye nilichimba miye. Leta ile ingine."

Nikauleta. Alitoa kipande cha mzizi, akakipeleka dirishani kwenye mwanga, akakikwaruza kwa ukucha, akaweka ukucha kwenye ncha ya ulimi, akatema ndani ya kitambaa chake. Kisha akaishika ile karatasi ndogo iliyofungwa shingoni mwa mfuko. Nkambo hakujua kusoma.

"Hii karatasi inasema nini?"

Prof aliinua mkono aisome, lakini Nkambo alikuwa ananitazama mimi. "Angèle atasoma."

Nikasoma. Jina la mti. Mzizi. Siku. Msituni, kando ya kijito.

"Soma tena. Polepole."

Nikasoma tena. Mwanangu, nimewahi kuzika watu, nimewahi kusimama mbele ya wakuu wenye hasira, lakini sijawahi kusikia sauti yangu ikiniaibisha namna ile. Maneno manne tu ya penseli. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yake yametua juu yangu, na nikajua kwamba anajua. Prof hakuelewa chochote. Alikuwa anaangalia saa yake.

Nkambo akaurudisha mzizi mfukoni, akafunga vizuri. "Merci, Prof," akasema. "Angèle atanisindikiza."

Tulikaa kwenye ukuta mfupi nje ya geti, karibu na mama mmoja aliyekuwa akiuza munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, kwenye ndoo. Nkambo alikunywa kikombe kizima. Nilitamani anitukane. Nilijua la kumjibu mtu anayetukana.

Alipomaliza aliniuliza kama najua mtoto wake wa kwanza aliitwa nani. Nikasema sijui. Akasema aliitwa Chola, na kwamba alikuwa ameanza tu kukimbia.

"Alikuwa na homa," akasema. "Mvua ilikuwa mingi, sawa ile siku yako. Mama yangu njo alikuwa nganga. Alizeeka, magulu ilikuwa inamuuma. Akaona asema kule kwa kijito ni mbali. Akachimba pale kwa maua. Mutoto akakunywa. Akatapika maji ya kijani. Siku mbili tu, Angèle."

Alisema mama yake hakuchimba tena mzizi wowote mpaka anakufa. Alimkabidhi binti yake panga, akampa na lile neno moja: fasi kwenye iko hii maua, hatuchimbake. Hakumpa sababu nyingine, kwa sababu sababu walikuwa wameizika wote wawili, na walijua ilipo.

Nilikuwa nalia wazi wazi, muuza munkoyo anatazama. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia siku ile njiani. Ningemsikiliza, nikasema.

"Ulicheka," akasema. "Niliambia muti jina yako, ukacheka. Kaburi ya mutoto yangu, siwezi kuionyesha kwa muntu mwenye kucheka." Kisha akashusha pumzi. "Na miye nilikosa. Ilikuwa niseme tu, hata ucheke."

Nilidhani amemaliza. Hakuwa amemaliza, na jambo lililomleta mjini alikuwa bado hajalitaja. Aliniambia kwamba kijijini watu wamesikia mti una nguvu, na wamesikia pia kwamba yeye anauficha. Basi kila mmoja anajichimbia. Na nani atatembea saa tatu wakati mti umejaa pale karibu? Jana alikuwa amehesabu mashimo matano mapya chini ya kilima. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuwakataza.

"Sasa kila kintu nakataza, banasema asema naficha. Habanisikie tena. Ni weye ulichukua masikio yao."

Ndipo nilipoelewa. Mpaka saa ile nilikuwa nalilia jina langu na kazi yangu na, kidogo, heshima ya bibi yule. Sikuwa nimewaza kwamba kuna mtoto mahali fulani, na kikombe.

"Mi sitamwambia Prof," Nkambo akasema. "Mukono yako njo iliandika, kinywa yako njo itasema. Nitangoja hapa."

Sikumbuki nilivyopita geti. Nakumbuka nimesimama mbele ya meza ya Prof na kusema yote kwa pumzi moja, kilima, mvua, penseli, Sakania, mashimo matano. Alinisikiliza bila kunikatiza. Aliuliza swali moja tu.

"Na chembe nyekundu?"

"Zilipasuka, Prof. Niliona. Sikuandika."

Uso wake sitausahau. Hakupiga kelele. Alisimama, akachukua funguo za gari, akasema, "Vaa koti yako," na alipofika nje akamfungulia Nkambo mlango wa mbele kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya hata kwa wageni wa serikali. Mimi nilipanda nyuma, kwenye upepo.

Kijijini kulikuwa na kipande cha reli kilichoning'inizwa mbele ya kanisa, ndicho kengele yao. Katekista akakipiga, watu wakaja, wengine wakitokea mashambani na majembe yao. Prof akasogea kando. Alinitazama mimi.

Nilikuwa nimezoea kuwahutubia watu wale kwa Kiswahili changu cha shule. Siku ile kilinikimbia, nikasema kama nilivyokuwa nikisema nyumbani kwetu, ambako uongo ni bongo na kutoa ni kutosha.

"Nkambo Mwape hakuficha kintu," nikasema. "Bongo ni ya miye. Muti yenye nguvu nilichimba pale kwa maua, na niliandika asema nilitosha kule kwa kijito. Ile nguvu hayiko ya muti. Ni sumu ya udongo. Inapasula damu. Mwenye kuchimba pale, asimupatie mutoto. Nabaomba. Amwange."

Mwanamke kijana mmoja aliyesimama pembeni, Mama Benoît, aligeuka akaondoka. Nilidhani amekasirika. Nyumba yake ilikuwa karibu, akarudi upesi akiwa amebeba sufuria ndogo kwa kitambaa, mtoto wake Benoît amefungwa mgongoni, mashavu ya mtoto yanang'aa kwa homa. Aliiweka sufuria miguuni mwangu. Mvuke ulikuwa bado unatoka, na maji yake yalikuwa na ule ukijani.

"Nilikuwa nangoja ipoe," akasema.

Mwanangu, nilikaa chini mbele ya watu wote. Hakunitukana. Hakuna aliyenitukana. Nkambo aliinama akaichukua sufuria, akaipeleka kuimwaga mbali na kisima, akaisugua kwa mchanga mara mbili, akamrudishia mwenyewe. Prof akavua kofia yake mbele ya bibi yule, akamwomba radhi kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, kisha akamweka Mama Benoît na mtoto wake garini, akaendesha kuelekea hospitali ya mjini. Mimi niliachwa kijijini. Nililala kwa Nkambo, na asubuhi yake tulikwenda pamoja kufukia yale mashimo. Yalikuwa saba.

Prof hakunifukuza. Mwaka mzima niliosha vioo na kuandika etiketi za wenzangu, na kila etiketi niliisoma kwa sauti mbele ya aliyechimba kabla ya kuifunga. Wengine waliona ni adhabu ya kitoto. Mimi ilinifaa. Mzizi ule Prof aliupeleka kupimwa, na kweli ulikuwa umejaa shaba, maana maua yale huota penye shaba nyingi. Na mti wenyewe, ule wa kwenye kijito, tuliendelea nao miaka mingi. Una nguvu kidogo. Si wa kuponya malaria peke yake, na mgonjwa wa malaria bado anapaswa kufikishwa hospitali, lakini una kitu ndani yake, na pengine wewe ndiye utakayekipata. Utaukuta kwenye madaftari yangu ukiwa na mahali pake pa kweli. Hapa siutaji, kwa sababu karatasi hii inaweza kusomwa na mama mwenye mtoto mwenye homa, na maua ya zambarau bado yanachanua.

Nkambo Mwape tulimzika miaka mingi baadaye. Wiki chache kabla ya hapo alinipeleka kwenye kaburi la Chola, dogo, limezungukwa kwa mawe ya kijito. Nilipiga magoti nikalirudisha jiwe moja lililokuwa limesogea, na yeye alionekana ameridhika.

Benoît leo ni mwanaume mwenye ndevu, anachomelea vyuma kwenye karakana yake si mbali na kwetu, ana watoto wawili. Nikipita ananisalimia kwa heshima, "Mama Angèle, jambo yenu." Hajui kwa nini huwa nachelewa kuondoka.

Basi hili ndilo ninalokuachia. Andika mahali ulipochimba kweli, hata kama ni mahali pa aibu, hata kama Prof wako alikutuma kwingine. Ukiona kitu kwenye darubini ambacho hukukitaka, hicho ndicho uandike kwanza. Na mzee akikuambia hapa hatuchimbi, usigune na usicheke. Muulize kwa adabu, na asipojibu, ujue huenda kuna mtu amelala hapo, na urudi siku nyingine ukiwa umestahili kuambiwa. Usimdhanie mtu asiyejua kusoma kwamba hajui kupima. Yeye na mama yake walikuwa wamepima kabla yetu, na walilipia kwa kitu ambacho maabara yoyote haina.

Mungu akubariki, mwanangu, akupe macho mazuri na umeme usiokatika. Akupe watu wakweli wa kufanya nao kazi, na yeyote atakayekunywa kilichotoka mikononi mwako aamke asubuhi. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akupe mtu wa kukusomesha mwandiko wako mwenyewe, na akupe miguu ya kufika kabla sufuria haijapoa.